Lipa Data, Usilipe Jibu: Daftari la Wazi kwa Utafiti wa Visiwa Vyetu

Assalaamu alaykum. Waheshimiwa viongozi, walimu wetu, watafiti, wanafunzi, na akina mama wa vikundi vya mwani mlioacha bamvua la leo mkaja kutusikiliza, ahsanteni sana. Tunajua bamvua halimsubiri mtu, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja kwenye jambo: namna ya kufadhili utafiti wetu kwa msaada wa blokicheni, daftari la wazi la kidijitali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Utafiti nao ni mali. Visiwani kwetu, Unguja na Pemba, watu hupimwa damu, maji hupimwa, pweza huhesabiwa, mwani hupimwa uzito. Mwanakijiji humwona mtu akija na fomu, kisha hamwoni tena. Fedha ziliingia kiasi gani na zilikwenda wapi, hajui. Data ziko kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na mradi ukiisha data nazo zimekwisha. Kuchapisha kwa uwazi nako kuna bei yake: jarida la Nature lilipotangaza mwaka 2020 kwamba makala yake yanaweza kusomwa bure na kila mtu, ada liliyomtaka mtafiti alipe ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Fedha hiyo ingeendesha jaribio zima la mwani tutakalolieleza mbele. Ukuta uliokuwa mbele ya msomaji umehamishiwa mbele ya mwandishi.

Mfano mzito tunao hapa hapa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watoto wa Pemba, wa mwezi 1 hadi miezi 35, waliingizwa kwenye jaribio la kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki. Watu walitegemea kusikia kwamba chuma kinaongeza damu na kuokoa roho. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yakasimamishwa, na mwaka 2006 jarida la The Lancet likachapisha matokeo: katika mazingira yale ya malaria nyingi, watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua hadi kulazwa. Shirika la Afya Duniani likalazimika kuutazama upya ushauri wake wa kugawa chuma kwa watoto wa nchi zenye malaria.

Hebu litafakarini jibu lile. Halikumpendeza mtu yeyote, nalo ndilo lililokuwa na faida kubwa kuliko lolote ambalo lingependeza. Hoja yetu ya leo imesimama hapo. Mfumo wa kufadhili utafiti, uwe wa karatasi au wa blokicheni, ulipe data zilizoletwa kwa uaminifu, usilipe jibu. Blokicheni inaweza kutusaidia sana kufika huko, na ikitumiwa kwa pupa inaweza kututupa mbali zaidi ya tulipo sasa.

Blokicheni ni daftari. Kurasa zake zimefungwa kwa hesabu, hata ukigusa ukurasa wa juzi, kurasa zote zilizofuata zinakataa kukubaliana nao. Nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta, hivyo hakuna karani mmoja wa kuhongwa. Wazo la kugonga mihuri ya saa inayoshikana kwenye nyaraka lilichapishwa na Stuart Haber na Scott Stornetta mwaka 1991. Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ikalitia kwenye fedha Januari 2009. Ethereum, blokicheni nyingine iliyoanza Julai 2015, ikaongeza mkataba unaojitekeleza, yaani programu inayoshika fedha na kuzitoa masharti yakitimia. Kwa wanaouliza kuhusu umeme: Bitcoin inakula umeme mwingi kweli, lakini Ethereum ilibadilisha utaratibu wake Septemba 2022 na matumizi yake yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Tuanze na sehemu ambayo haihitaji kununua sarafu hata moja, nayo kwa maoni yetu ndiyo yenye faida kubwa kwa taasisi zetu: muhuri wa saa.

Chukua mpango wa utafiti kabla kazi haijaanza. Uwe na swali, njia ya kupima, idadi ya mistari ya mwani, na kanuni ya kuamua kama jaribio limefaa au halikufaa. Uhifadhi kama PDF. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile mpango.pdf SHA256, kwenye Linux ni sha256sum mpango.pdf. Utatoka mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Hiyo ndiyo hashi, alama ya kidole ya faili. Ukiongeza nukta moja kwenye mpango, hashi inageuka yote, na anayeiona hashi peke yake hawezi kulisoma faili. Ipeleke kwenye OpenTimestamps, huduma ya bure iliyoanzishwa mwaka 2016. Huduma hiyo hukusanya hashi za watu wengi, huzifunga mbili mbili mpaka ibaki moja, na hiyo moja ndiyo inayoandikwa kwenye Bitcoin. Ndiyo sababu hulipi. Utapewa faili dogo lenye kiishio .ots. Mara ya kwanza huwa halijakamilika. Lirudie baada ya saa kadhaa ulikamilishe. Lihifadhi pamoja na PDF yenyewe, maana ukipoteza moja kati ya hayo mawili muhuri hauna kazi tena.

Data nazo zitiwe muhuri kila zinapokusanywa, si mwisho wa mradi. Hapo ndipo Excel inapowaharibia wengi. Unafungua faili la CSV, yaani jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu, ulitazame tu, programu inageuza tarehe kwa mtindo wake, inakata sifuri zilizotangulia namba za sampuli, unabonyeza kuhifadhi, basi, hashi si ile tena. Hakuna aliyedanganya, lakini ushahidi umevunjika, na huwezi kumthibitishia mtu kwamba hukubadilisha uzito wowote. Faili la data ghafi lifungwe lisiandikike, kazi ifanyike kwenye nakala. Wala usitie muhuri faili la zip ukitegemea kulitengeneza upya baadaye: zip hubeba ndani yake saa za mafaili, hivyo ya leo na ya kesho hutofautiana hata kama yaliyomo ni yale yale.

Kuna ujanja mmoja ambao muhuri peke yake hauuzuii. Mtu anaweza kuandika mipango kumi yenye makisio kumi, akaitia muhuri yote, kisha akaonyesha ule mmoja uliotimia. Muhuri wake ni wa kweli na yeye ni mwongo. Dawa yake ni ya kizamani: taasisi iwe na rejista ya wazi yenye namba zinazofuatana, kila mpango upewe namba siku ile ile, na namba isiyo na ripoti ionekane na kila mtu. Pengo kwenye rejista ndilo litakaloulizwa.

Na jambo hili wauzaji wa teknolojia hawapendi kulisema. Daftari halijui kilichotokea ufukweni. Ukiandika kilo 40 huku mzani ulisoma 34, blokicheni itakutunzia uongo wako milele. Mwani mbichi na mwani mkavu hutofautiana uzito mara kadhaa, na mwani uliotiwa mchanga ni mzito zaidi. Kwa hiyo kabla ya hashi kuna mzani uliopimwa kwa jiwe la uzito unaojulikana kila asubuhi, kuna watu wawili wanaosoma namba kila mmoja kwa fomu yake, kuna picha ya mzani, na kuna kanuni iliyoandikwa ya kukausha. Yote hayo ni kazi ya mikono. Taasisi isiyoweza kuyasimamia isipoteze fedha kwenye blokicheni.

Siri za watu ni mlango mwingine wa hatari. Wapo wanaodhani kwamba ukigeuza namba ya simu ya mgonjwa kuwa hashi umeificha. Hujaificha. Namba za simu za mkononi za nchi hii zinazoanza na 06 na 07 hazizidi milioni 200, na kompyuta ya kawaida inazipitia zote kwa dakika chache, ikizigeuza moja moja mpaka ipate inayolingana. Kilichoandikwa kwenye blokicheni hakifutiki, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake. Basi kanuni iwe moja: kwenye blokicheni isiingie taarifa ya mtu, wala hashi ya taarifa ya mtu mmoja mmoja. Iingie hashi ya faili zima lililokwisha kuondolewa majina. Kwa utafiti wa afya, kibali cha kamati ya maadili kitangulie, na muhuri wa blokicheni haukibadili kibali hicho kwa lolote.

Data zenyewe ziwekwe wapi? Si kwenye blokicheni. Hapo ni ghali na hapana nafasi. Wengi wataambiwa IPFS, mfumo unaolitambua faili kwa hashi yake badala ya anwani ya kompyuta. Ni mzuri, ila IPFS haihifadhi faili ambalo hakuna mtu amejitolea kulishikilia. Aliyekuwa akilishikilia akizima kompyuta yake, faili limetoweka na hashi imebaki kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Sisi tunashauri nyumba ya kwanza iwe Zenodo, hazina ya data inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013, ambayo ni bure, inapokea gigabaiti 50 kwa rekodi moja na inatoa namba ya kudumu ya DOI. IPFS iwe nakala ya pili, na diski ya taasisi ya tatu.

Sasa tuje kwenye fedha. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa hawahitaji kuelezwa kwa urefu, maana sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu. Pochi ya saini nyingi kwenye blokicheni ni sanduku hilo hilo. Tuseme ina funguo tano, yaani namba za siri tano zilizo kwenye simu au kompyuta za watu, na fedha hazitoki mpaka watatu waweke saini. Tuzigawe: mmoja kwa mhasibu wa taasisi, mmoja kwa mfadhili, mmoja kwa mwakilishi wa wakulima, mmoja kwa mwanasayansi asiye wa mradi huo, na mmoja kwa mwanasheria.

Ugawaji huo ndio wenye nguvu, idadi ya funguo haitoshi. Machi 2022 daraja la sarafu liitwalo Ronin, yaani mfumo wa kuhamisha sarafu kutoka blokicheni moja kwenda nyingine, liliibiwa zaidi ya dola milioni 500. Lilikuwa na funguo tisa, na tano zilitosha kufungua. Nne kati ya hizo zilikuwa mikononi mwa kampuni moja, na ya tano ilipatikana kwa ruhusa ya muda iliyotolewa zamani na kusahauliwa. Kwenye karatasi walikuwa walinzi tisa. Kwa hiyo funguo tano zilizo kwenye ofisi moja, au kwenye simu tano za idara moja, zihesabiwe kuwa ufunguo mmoja.

Mkataba unaojitekeleza nao una mikosi yake. Juni 2016 mfuko ulioitwa The DAO ulipoteza etha (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6 kwa sababu programu yake ilitoa fedha kwanza na kupunguza salio baadaye, mwizi akawa anaomba tena kabla hesabu haijaandikwa. Novemba 2017 programu ya pochi za Parity ilifutwa na mtu aliyejikuta ana mamlaka juu yake, na zaidi ya etha laki tano zikafungika humo. Funzo la vitendo ni kwamba msiandike mkataba wenu wenyewe. Tumieni pochi iliyokaguliwa na kutumika miaka mingi, na masharti ya mradi yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida yasimamiwe na saini za watu.

Kisha kuna sheria, na hapa tunasema wazi ili kijana asije akaingia matatani kwa kutusikia nusu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba biashara na matumizi ya sarafu za kidijitali ni kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kupewa ruhusa. Isitoshe, hata sarafu ambazo thamani yake imefungwa kwenye dola hazina dhamana kamili: TerraUSD ilikufa Mei 2022, na USDC yenyewe, yenye akiba halisi, ilishuka kwa muda mfupi chini ya senti 90 mwezi Machi 2023 kwa kuwa dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye benki iliyofilisika.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa taasisi za Unguja na Pemba ni huu: fedha zikae benki, kwa shilingi, na saini zikae kwenye blokicheni. Wenye funguo watatu wakiidhinisha hatua, idhini inaandikwa wazi pamoja na hashi ya data iliyoletwa, na benki inalipa kwa barua inayotaja idhini hiyo. Tangu Ethereum iboreshwe Machi 2024, kuandika idhini kwenye mitandao ya tabaka la pili, yaani ile ya bei nafuu iliyojengwa juu ya Ethereum, kwa kawaida hugharimu senti chache za dola. Tunapoteza kitu, ni kweli: programu haiwezi kuilazimisha benki. Lakini tunachokitafuta zaidi, yaani mwanakijiji wa Micheweni kuona kwenye simu yake nani aliidhinisha nini na lini, tunakipata chote.

Wafadhili wadogo nao wana nafasi. Upo utaratibu ulioelezwa mwaka 2018 na Vitalik Buterin, Zoë Hitzig na Glen Weyl, na jukwaa la Gitcoin limeutumia kugawa fedha za miradi ya programu huria. Mfadhili mkubwa anaweka mfuko wa kuongezea; kiasi cha kila mradi kinatokana na kujumlisha vipeuo vya pili vya michango, kisha jumla ikazidishwa kwa yenyewe. Wakulima 100 wakichanga shilingi 1,000 kila mmoja, wameweka laki moja, na hesabu inatoa shilingi milioni 10. Tajiri mmoja akichanga laki hiyo hiyo peke yake, hesabu inatoa laki moja tu, haongezewi kitu. Mfuko ukiwa mdogo kuliko hesabu, miradi yote inapunguziwa kwa uwiano. Hivyo wingi wa watu unashinda uzito wa mfuko. Udhaifu wake mnauona tayari: tajiri anaweza kununua laini mia moja. Huku kwetu dawa ipo karibu kuliko Ulaya, kwani kikundi kina orodha ya wanachama na sheha anawajua watu wake. Orodha ihakikiwe kabla ya mchango, nje ya blokicheni.

Kuhusu tokeni za utafiti, yaani hisa za kidijitali zinazouzwa na kununuliwa kwenye blokicheni, tutakuwa wafupi lakini hatutauma maneno. VitaDAO, jumuiya iliyoanza mwaka 2021 kufadhili utafiti wa uzee, ilinunua haki za matokeo ya maabara kwa njia ya tokeni, kuanzia na maabara ya Chuo Kikuu cha Copenhagen, na mwaka 2023 kitengo cha uwekezaji cha Pfizer kikaingiza fedha humo. Kwa dawa inayotarajiwa kuuzwa, inaeleweka. Kwa mwani, malaria au kichocho, tunaipinga. Bei ya tokeni hupanda kwa habari njema. Lingekuwa jaribio la Pemba la chuma lina tokeni sokoni, kila mwenye nayo angekuwa na sababu ya kutamani ile Agosti 2003 isifike.

Twende basi kwenye jaribio la mfano. Mwani wa cottonii una bei nzuri kuliko spinosum, ila hufa maji yakipata joto. Kikundi na taasisi wanataka kujua, kwa miezi sita, kama kuuhamishia kwenye kina kirefu kwa neti za bomba kunauokoa. Bajeti ni shilingi milioni 24. Asilimia 30, yaani milioni 7.2, itoke mpango ukishatiwa muhuri na vibali vikipatikana. Kamba, neti, vigingi na nauli ya boti hulipwa mwanzo, na mtafiti anayepewa kidogo hapa ataanza kwa mkopo au kwa mistari pungufu. Asilimia 40, milioni 9.6, itoke data ghafi za miezi mitatu zikishawekwa wazi. Asilimia 20, milioni 4.8, kwa data za mwisho pamoja na programu ya uchambuzi inayotoa namba zile zile kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Hakuna palipoandikwa kwamba mwani uwe umeishi. Ukifa wote mwezi wa pili, na vifo vimepimwa kila bamvua kama ilivyopangwa, malipo yanatoka kamili.

Kila hatua iwe na ukomo. Wenye saini wasipojibu ndani ya siku 60, fedha za hatua hiyo zirudi kwa mfadhili. Bila kifungu hiki zitakaa pale mpaka watu wasahau. Lakini tarehe zihesabiwe kwa bamvua, si kwa kalenda ya ofisi ya mbali, na upepo wa kusi ukichafua bahari, saini tatu ziweze kuongeza muda. Kila miezi mitatu wenye funguo wafanye zoezi la kuidhinisha jambo dogo lisilo na fedha, ili ajulikane aliyepoteza simu. Maneno 12 au 24 ya kurejesha ufunguo yaandikwe kwenye karatasi mbili zilizo nyumba mbili, yasipigwe picha, yasitumwe WhatsApp. Mwenye ufunguo akihama au akifariki, waliobaki wamwondoe na kuweka mwingine kwa saini zile zile tatu. Hilo liandikwe kwenye katiba ya mradi siku ya kwanza, wakati watu bado wanapatana.

Imebaki asilimia 10, shilingi milioni 2.4. Hizo zinatoka ripoti ikishaandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kijijini mbele ya wakulima waliopima, pamoja na namba za mwani uliokufa, na maswali yao yakaandikwa na kujibiwa. Hatua hii peke yake haitoshelezwi na saini tatu zozote. Moja kati ya hizo lazima iwe ya mwakilishi wa wakulima, na asiporidhika, fedha hazitoki.